Fundi Likwata Ajifunza Kuinama

Mgongo wa fundi cherehani hauna haraka. Unamwacha mwenyewe ainame juu ya mashine asubuhi hadi jioni, ashone sare za shule na magauni ya arusi, azeeke na heshima zake, halafu siku moja mbele ya watu unamkumbusha miaka yote kwa mkupuo. Wa Likwata ulichagua siku mbaya kuliko zote. Ulimkumbushia kaburini.

Likwata mwenyewe ni mtu wa kawaida, wa kupishana naye usigeuke. Ni Mmwera, mzaliwa wa kijiji kimoja mbele ya Mingoyo, ambako mpaka leo ana mikorosho yake thelathini na kitu, lakini utu uzima wake wote kaumalizia mjini, mtaa wa Mtanda, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, nyuma ya cherehani ya kukanyaga. Miaka thelathini na moja kibarazani hapo. Alipofika hamsini na sita alikuwa ameanza kusimama kama mtu anayetafuta sindano chini, na msikitini alikuwa ameshahamia kwenye viti vya plastiki vya nyuma, kule wanakoswali wazee wasioweza kusujudu. Watu walimpa pole, naye aliitikia ahsante, maisha yakaendelea.

Kisha akafariki mjomba wake, Saad, ndugu pekee wa kiume wa mama yake. Kwa watu wa huku mjomba si ndugu wa pembeni, na siku ya maziko mpwa ndiye anayetazamwa. Kwa hiyo kaburi lilipokuwa tayari na shuka imetandwa juu yake, Likwata alikunja kanzu akashuka, yeye upande wa kichwa, jamaa mwingine upande wa miguu. Maiti ikateremshwa. Likwata akainama kuipokea, na hapo hapo kiuno kikakaza. Hakuweza kwenda chini wala kurudi juu. Akabaki kainama nusu, kichwa cha mjomba wake kimelala juu ya mikono yake, jasho linadondokea sanda, naye anasema kwa sauti ndogo, "Nisaidieni, jamani, nisaidieni." Mwanamume mmoja akaruka ndani akapokea. Wengine wawili wakamvuta Likwata kwa makwapa mpaka juu.

Ya kaburini hayasemwi, na kila mtu pale alilijua hilo. Ila kulikuwa na mmoja kule nyuma aliyeteleza ulimi: "Kidogo tuzike wawili." Likwata alisikia. Nami nasema wazi kwamba mtu yule hakuwa na adabu, ijapokuwa, kusema kweli, hakukosea sana.

Matanga yalipokwisha, mama yake alimwita. Bi Kidawa alikuwa amevuka miaka themanini, anaishi chumba cha ndani katika nyumba ya mwanawe, na tangu alipoanguka uani akaumia nyonga, kitanda ndicho kilichokuwa dunia yake. Miguu ilikuwa imemwacha, lakini ulimi ulikuwa haujamwacha.

"Nimeambiwa ulikwama," alisema.

"Kiuno, mama. Kilinikaza ghafla."

"Sikulaumu. Lakini nihesabie hapa. Nilikuwa na kaka mmoja, keshaondoka. Nina watoto wawili wa kiume. Yassin yuko Dar es Salaam, hata akifika, mmoja hatoshi. Wewe huwezi kuinama. Haya, baba, niambie, mimi nitashushwa na nani? Wanaume wa watu?"

Desturi ya huku ni kwamba mwanamke hushushwa na wanaume wa damu yake. Masheikh watakwambia dharura ina ruhusa yake, na ni kweli, lakini Bi Kidawa hakutaka kuwa dharura ya mtu. Tena Likwata hakujaliwa mtoto wa kiume, alijaliwa mabinti watatu, wote wameolewa. Usiku mzima aligeukageuka kitandani mpaka mkewe, Warda, akahamia mkekani.

Zahanati walimgusagusa mgongo, wakampa dawa ya kuchua, wakamwambia mifupa haina neno, ila viungo vimekauka kwa kukaa: afanye mazoezi. Mazoezi gani, hawakusema. Likwata akajaribu kukimbia mchangani na vijana wa mpira. Siku ya kwanza alirudi anachechemea. Siku ya pili alirudishwa na pikipiki.

Aliyemwokoa ni jirani, Klementi, Mmakonde wa kule juu Newala, Mkatoliki, mwembamba mrefu wa miaka sitini na miwili anayelima mchicha nyuma ya nyumba yake. Siku hiyo walikuwa wamekaa mkekani kwenye barza la mtu, kuna mgonjwa wametoka kumwona. Walipoaga, kila mmoja aliinuka kwa mtindo wake: huyu kashika ukuta, yule kashika bega la mwenzake, Likwata kapiga magoti kwanza akaanza kupanda kidogo kidogo. Klementi aliinuka tu. Kikombe cha chai mkononi, hakushika kitu, chai haikumwagika.

"Kaka Klementi," Likwata akamwambia njiani, "hebu rudia ulichofanya pale."

Klementi akacheka, akamweleza. Alikuwa amefanya kazi ya bustani miaka kumi na mmoja Kilwa Masoko, kwenye nyumba ya kulaza watalii. Kila mwaka alikuwa akija mama mmoja wa Kizungu kufundisha wageni yoga ufukweni. Kazi ya Klementi ilikuwa kutandika mikeka na kuikunja. Siku moja mgeni mmoja kaumwa tumbo, yule mama hakupenda kuona mkeka mtupu, akamwita Klementi aujaze. Aliujaza siku hiyo na miaka kumi iliyofuata.

"Ni kujinyoosha na kupumua," alisema. "Mambo mawili tu. Lakini uyafanye kila siku, fundi, si kwa mwezi mara moja kama kukata kucha."

Likwata hakutaka kwenda peke yake. Mtu mzima akijinyooshanyoosha peke yake pwani, watu watasema karogwa. Akawazungumzia wenzake wa msikitini waliokuwa wakilalamika viuno na magoti, na asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri walikusanyika wanaume watano kwenye uwanja wa mchanga ulio karibu na maji. Wa tano alikuwa Iddi, muadhini, ambaye alisema mapema kwamba yeye hakuja kufanya mazoezi. Alikuja kuangalia kama haya ni ibada ya watu wengine.

"Nimesikia wanafumbata mikono hivi na kuinamia jua," alisema.

"Kufumbata tutaacha," Klementi akamjibu. "Na jua nitawaambia mlitazame ili mpate joto, si ili mliombe. Mimi mwenyewe, muadhini, Jumapili niko kanisani. Padri hajanifukuza."

Iddi akakunja mikono kifuani, akakaa pembeni kama mkaguzi.

Klementi aliwaambia watawanyike, kila mmoja na nafasi yake, watazame mashariki. Wakasema sawa. Sasa hebu fikiria watu ambao tangu wakiwa watoto wamefundishwa kwamba wakisimama pamoja asubuhi namna hiyo, wamevua viatu, mtu mmoja yuko mbele yao, basi pengo ni la shetani na lazima lizibwe. Klementi alipogeuka kuwaonyesha jinsi ya kusimama, akageuka tena kuwatazama, alikuta safu. Imenyooka, bega kwa bega, kidole gumba kwa kidole gumba, na wote wamegeukia kaskazini, kibla, jua likiwapiga sikio la kulia. Hata Iddi, ambaye alikuwa hafanyi, alikuwa ameinuka kuziba pengo.

Klementi akawatawanya. Akageuka. Wakarudi. Akawatawanya tena. Mara ya tatu akachoka, akasema liwalo na liwe, nyoosheni mikono pande zote mbili. Iddi akala makofi mawili kwa wakati mmoja, moja kila shavu.

Haikuishia hapo. Mtu mmoja alikuwa anakwenda kununua samaki, kabeba ndoo. Akaona safu ya watu wazima anaowajua, muadhini yumo, akadhani kuna jamaa wamechelewa swala. Akaweka ndoo, akavua kandambili, akasimama mwishoni mwa safu, akainua mikono masikioni, akafunga. Alikuwa katikati ya Alhamdu pale "imamu" alipoinua mguu mmoja kwa nyuma, akabaki amesimama kwa mguu wa pili kama korongo. Yule bwana aliokota ndoo akaondoka anasema astaghfirullah, kandambili zake wakampelekea baadaye.

Kufika adhuhuri, Mtanda nzima ilikuwa inajua kwamba muadhini Iddi kaswalishwa na Mkatoliki wa mguu mmoja. Ungetegemea Iddi aache. Iddi hakuacha. "Nikiacha sasa watasema nilikuwa naswali kweli," alisema, na kesho yake akawa wa kwanza kufika. Hivyo ndivyo muadhini alivyoingia kwenye yoga, kwa ubishi, na mpaka leo hajakosa siku.

Wapitaji waliwatania. Mmoja alikuwa akipiga kelele kila asubuhi kutoka barabarani, "Samaki mkunje angali mbichi! Nyie mmeshakauka!" Klementi akamjibu siku moja bila kugeuka, "Hata ng'onda, ukimloweka, anakunjika." Tangu siku hiyo wale watano wakaitwa Ng'onda, na wakalipenda jina.

Majina ya kigeni ya yale mazoezi Klementi aliyajua yote, lakini hakuwasumbua nayo. Kuinama mpaka vidole viguse ardhi alikuita kuokota korosho. Kujishikilia kwa mikono na vidole vya miguu, mwili umenyooka, alikuita mbao. Na lile la kuchuchumaa chini kabisa, visigino vikigusa ardhi, mgongo wima, aliliita kukaa jikoni. Hilo liliwashinda wote, wanaanguka kwa nyuma mmoja mmoja.

"Wake zenu wanakaa hivi kila siku mbele ya jiko," aliwaambia, "na hamjawahi kuwapongeza."

Wakacheka. Likwata naye akacheka, na neno lile likapita.

Kilichomgusa Likwata zaidi si kunyoosha. Ni kupumua. Klementi aliwalaza chali mchangani, macho wamefumba, akawaambia kila mmoja asikilize pumzi yake inavyoingia na kutoka. Likwata akagundua kwamba ya kwake ilikuwa inasimama. Inaingia, inasimama, inasahaulika, kisha inatoka kwa kushtuka. Alilala pale akiwaza sababu, mpaka ikamjia: fundi akitunga uzi kwenye tundu la sindano hubana pumzi, asije akatikisika. Akipitisha mkasi kwenye kitambaa cha mtu hubana pumzi. Yeye alikuwa ameibana tangu ana miaka ishirini na tano, na hakuna aliyewahi kumwambia aiachie. Likwata aliona huruma juu ya mwili wake mwenyewe, huruma ile unayomwonea punda wa mtu.

Mwezi wa kwanza hakuona kitu ila maumivu mapya. Mwezi wa pili alifunga kamba za viatu bila kukaa. Mwezi wa tatu alikwenda shambani Mingoyo akapalilia chini ya mikorosho siku tatu mfululizo, na kurudi alirudi kwa baiskeli. Mwezi wa nne, Ijumaa moja, alipita viti vya plastiki bila kuvitazama, akasimama safu ya pili, na ilipofika sijda akaenda chini. Paji la uso likagusa mkeka. Alikuwa hajaunusa mkeka wa msikiti kwa miaka sita. Alilia pale pale alipoinama, na jirani yake alijifanya hajasikia.

Angeweza kutosheka na hapo. Lakini Likwata alikuwa na neno la mama yake moyoni, na hakuwa amemwambia mtu. Siku moja baada ya alasiri alimwendea Klementi nyumbani.

"Kaka, nataka zoezi la kupokea mzigo kutoka juu. Nimesimama shimoni. Mzigo unateremshwa, mimi naupokea kwa mikono miwili, naenda nao chini, nageuka, naulaza ubavuni mwangu taratibu. Usidondoke."

"Mzigo gani?"

Likwata akatazama mchicha. "Wa kama kilo arobaini na tano," alisema.

Klementi alikuwa amechimba uani shimo la tanki la maji, na tanki lenyewe halijanunuliwa. Kina chake kilimfika mtu kifuani. Alilitazama shimo, akamtazama Likwata, akaelewa. Akavua kofia.

"Sisi kwetu tunashusha kwa kamba," alisema. "Sikujua kwamba nyie mnapokea kwa mikono."

"Kwa mikono," Likwata akajibu.

Wakajaza gunia nusu, korosho kidogo na mchanga kidogo, wakalipima kwa mizani ya muuza mkaa mpaka likafika arobaini na tano. Kila siku baada ya alasiri Klementi alisimama juu akiteremsha, Likwata chini akipokea. Usiinamie kiuno, fundi. Kaa jikoni. Toa pumzi wakati unashuka. Mzigo ukae karibu na kifua. Mara ya kwanza gunia lilimponyoka. Mara ya kumi lilitua. Baada ya wiki tatu alikuwa analilaza kimya kabisa, bila hata vumbi kuruka, kisha anasimama nyuma akilitazama. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu maziko ya mjomba. Aliamini kwamba deni la mwana kwa mama amekaribia kulimaliza. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo wengi wetu tunalo, tumelivalisha kanzu tu lisionekane.

Warda ndiye aliyelivua. Alikwenda kwa Klementi kumtafuta mumewe, kuna mteja wa gauni kasimama mlangoni anafoka. Akapita uani akamkuta Likwata shimoni na gunia kifuani.

"Mnafanya nini?"

Klementi akatafuta kazi kwenye mchicha. Likwata akaeleza, kwa maneno machache, na alitegemea kusifiwa. Warda alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti, na hakuipaza.

"Kumbe mgongo umepona," alisema. "Tangu lini?"

"Miezi miwili hivi. Mitatu."

"Miezi mitatu mimi na mama Imani wa nyumba ya pili tunambeba mama yako. Asubuhi kumpeleka kuoga, jioni kumpeleka kuoga. Mimi huyu mwenye bega bovu. Yeye analilia kutoka nje aote jua, tunamwambia hatuwezi, ngazi tatu za kushukia barzani zinatushinda. Na wewe uko hapa unabeba gunia." Akajifunga upya kanga yake. "Mteja anakusubiri."

Likwata alibaki shimoni. Ni kweli kwamba hakuna aliyewahi kumwomba. Mgongo ulipokuwa mbovu, ilieleweka kwamba yeye si wa kubeba, na mgongo ulipopona, hakuna aliyekumbuka kuibadilisha sheria hiyo, yeye wa kwanza. Kila asubuhi alipita chumbani kwa mama yake, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaenda pwani kujifunza kuinama. Aibu aliyoipata siku ile shimoni mwa Klementi, hapana mtu akimwona ila Klementi, ilikuwa kubwa kuliko ile ya kaburini mbele ya watu wote.

Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa anajua kila kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia unanizika kila siku baada ya alasiri."

Likwata akakaa chini, mgongo ukutani.

"Unanizika vizuri?"

"Siku hizi sijambo, mama."

"Hunidondoshi?"

"Sikudondoshi."

"Gunia lina uzito gani?"

"Kilo arobaini na tano."

"Na mimi?"

Likwata akaangalia mikono yake. Ile arobaini na tano aliibuni tu, kwa kumkumbuka mama yake alivyokuwa wakati anakwenda sokoni kwa miguu.

"Basi njoo unipime," Bi Kidawa akasema. "Kabla hujanishusha, nipandishe kwanza. Nataka kukaa barzani."

Likwata alisogea kitandani. Akachuchumaa kama alivyofundishwa, akapitisha mkono mmoja mgongoni kwa mama yake na mwingine chini ya magoti, akatoa pumzi, akasimama. Alikuwa amejiandaa kwa gunia. Kidogo apepesuke kwa nyuma, kwa sababu uzito alioutegemea haukuwepo. Mama yake hakufika kilo arobaini. Huenda hakufika hata thelathini na tano. Chini ya kanga kulikuwa na mifupa na joto, basi. Amekonda lini? Na mimi nilikuwa wapi? Likwata alijiuliza, na jibu alikuwa nalo.

"Bega la kushoto," mama yake akamkaripia. "Usilibane, linauma. Liinue kidogo. Hivyo. Taratibu, we Likwata, hujanizika bado."

Ngazi tatu za kushukia barzani alizishuka moja moja. Warda alikuwa ametandika mkeka na mto. Bi Kidawa alikaa, akafumba macho kwa sababu ya mwanga, akayafumbua, akatazama njia, akatazama kuku wa watu, akauliza nyumba ile ya bati jipya ni ya nani. Alikaa mpaka magharibi.

Kesho yake gunia likarudishwa kwa mwenyewe, na shimo la Klementi likapata tanki. Wiki hiyo hiyo Likwata aliihamisha cherehani kutoka kibaraza cha duka akaileta barzani kwake. Wateja walinung'unika kwamba amekuwa mbali, wakazoea. Kila asubuhi akitoka pwani na wenzake wa Ng'onda alimtoa mama yake nje, na kila magharibi alimrudisha ndani. Bi Kidawa alikagua kila nguo iliyoshonwa. Alimwambia bibi arusi mmoja kwamba kola ile haimfai, ingawa hakuulizwa. Na kila alipobebwa alirudia yale yale, asubuhi na jioni, kama nyiradi: bega la kushoto, liinue, taratibu, we Likwata, hujanizika bado.

Ilikwenda hivyo miezi minane.

Alifariki asubuhi, mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua. Yassin alipanda basi la kwanza kutoka Dar es Salaam, na wakasogeza maziko mpaka siku ya pili, baada ya adhuhuri, ili amdiriki. Yassin ni mdogo kwa miaka kumi na miwili, ana kifua, kule mjini anakwenda kunyanyua vyuma. Pembeni mwa kaburi alimvuta kaka yake mkono.

"Kaka, upande wa kichwa ndio mzito. Niachie mimi. Wewe na huo mgongo, tusije tukaaibika tena."

Alisema kwa mapenzi, na Likwata alimjibu kwa mapenzi. "Wewe shika miguu, mdogo wangu. Kichwa changu."

Wakashuka. Shuka ya kijani ikatandwa juu yao, mwanga ukawa wa kijani humo ndani. Wanaume walilizunguka kaburi. Iddi alikuwa miongoni mwao, na nyuma kabisa, kofia mkononi, alisimama Klementi. Maiti ikateremshwa. Likwata alichuchumaa akaipokea, akatoa pumzi, akaenda nayo chini, karibu na kifua, akageuka kuelekea mwanandani, pango la ubavuni mwa kaburi. Hapakuwa na kitu kilichokaza. Yassin akamwona anasita.

"Vipi, kaka?"

Likwata alikuwa ameingiza kiganja chini ya sanda, akaliinua bega la kushoto kidogo, lisibanwe. Kisha akatulia hivyo, pumzi ameibana, sikio kaliinamisha, akisubiri kukaripiwa.

"Hamna kitu," alisema baadaye, akamlaza.